Ukuta Una Unyevu

Jumatatu, 3 Machi

Mama amenipa daftari hili akisema mdomo wangu nao unahitaji mahali pa kupumzika. Haya, naanza.

Leo tumepata ukuta. Si kibanda wala mlango wa duka, ni ukuta mzima wa shule, ule unaotazama barabara, kutoka getini mpaka kona ya kinyozi. Mwalimu mkuu anataka uandikwe shairi la kuwatia watoto moyo, kwa herufi kubwa zinazosomeka na mtu aliye ng'ambo, na liwe tayari kwa sherehe ya shule tarehe 12 Aprili. Alipotamka "ukuta mzima", Baba alijifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni mwake. Nikajua amefurahi.

Ana haki ya kufurahi. Mwezi uliopita, akisafisha brashi ambazo hazikuwa chafu, aliniambia kwamba mvua hizi zikiisha bila kazi kubwa atauza ngazi, atafunga karakana, na mimi niende kwa jamaa wa mashine. Huyo ni yule mwenye kompyuta na mtambo wa kuchapa mabango ya plastiki pale kituoni. Anatoa bango kabla chai haijapoa. Si mtu mbaya, ananisalimia vizuri, na ameshaniambia zaidi ya mara moja kwamba kiti changu kipo. Lakini mimi nimeanza kujifunza kwa Baba mwaka jana tu, herufi S bado inanigomea, na sitaki kukaa kwenye kiti. Nataka kusimama juu ya ngazi.

Jumanne, 4 Machi

Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu mkuu ameleta shairi lenyewe, amelifunga kwenye mfuko wa plastiki kama cheti cha kuzaliwa. Amelitunga kwa mkono wake. Alitusomea akiwa amesimama katikati ya makopo ya rangi, mkono mmoja kifuani, na mvua ikapiga bati kwa nguvu hata ikabidi arudie kwa sauti ya gwaride. Nalinakili hapa:

Wakija na kuniita, mahali pangu sihami,
Mvua ikinipata, ndani ya maji sizami,
Upepo ukinipeta, nitayumba, siinami,
Wapite wanaopita, nabaki nilivyo mimi.

Sura yangu ya usoni, kwa jirani siazimi,
La haki likiwa ndani, kulitenda mi sikomi,
Niwe pekee njiani, kurudi nyuma sisemi,
Wapite wanaopita, nabaki nilivyo mimi.

Baba alisema, "Mwalimu, hapo umesema." Mimi nilikuwa nimeng'ata ulimi nisicheke. Alipoondoka nikamwambia Baba, "Huyu mtu wa shairi kazi yake nini? Hahami, hazami, hainami. Huyo ni nguzo ya umeme."

"Ngoja uliandike herufi kwa herufi," Baba akasema. "Kitu ukikiandika kikubwa namna ile, kinakuingia."

Nikamjibu kwamba mwaka jana niliandika tangazo la sumu ya panya, na halikuniingia.

Jumamosi, 8 Machi

Jua lilijitokeza tukaenda kupima. Mimi nilishika ncha ya futi getini, Baba akaenda na kasha lake mpaka kona. Ukuta una picha ya zamani: mwanafunzi mrefu kuliko geti, mkoba mgongoni, kitabu mkononi. Jua na mvua vimemla uso wote, amebaki masikio mawili. Watoto wa shule wanamwita Masikio, na wanamuaga wakienda nyumbani. Mimi niliona kazi ni nyepesi. Tunapiga msasa, tunapaka rangi nyeupe mara mbili, tunasubiri ikauke, tunaanza kuandika.

Baba alifika kona, akainama, akakaa vilevile. Nilipomfikia nikaona alichokuwa anakitazama. Chini kabisa palikuwa na jina la mchoraji, dogo, limefifia, na kila herufi yake ina kivuli.

Mzee Kivuli ndiye mchoraji mwingine wa mji huu. Jina la utani alipewa kwa sababu kila herufi yake huiwekea kivuli nyuma, ionekane imetoka ukutani kukusalimia. Baba anaitwa Mnyoofu kwa sababu anapiga mstari bila rula. Hawa wawili hawasemeshani tangu kabla sijazaliwa. Wakikutana barabarani, mmoja wao ghafla anakumbuka kitu alichosahau nyumbani.

Sasa, Baba ana sheria moja ya kazi. Nyingine zote huzipindisha akipenda. Kazi ya mchoraji mwenzako, yenye jina lake, huifuti mpaka umwendee mwenyewe na kumwomba. Awe jirani, awe kahama, awe mgonjwa, unamwendea. Aliipata kwa aliyemfundisha, nami niliambiwa siku ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa brashi inavyoshikwa.

Baba alisimama akaweka kiganja ukutani, kama daktari kwenye kifua cha mtoto.

"Ukuta una unyevu," akasema. "Tusubiri."

Ukuta ulikuwa mkavu kama biskuti.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Ukuta una unyevu. Leo ni kweli.

Jumatano, 12 Machi

Mvua asubuhi, jua mchana. Ukuta una unyevu.

Alhamisi, 13 Machi

Jua kutwa nzima. Nguo kwenye kamba zimekauka mpaka zinasimama zenyewe. Baba alikwenda shuleni, akaweka kiganja, akarudi. Unyevu.

Jumamosi, 15 Machi

Nilimbana Mama jikoni, maana kwa Baba hutoi kitu. Mama anafanya kazi ya kufua hospitalini na ana mikono ya kukamua shuka. Siri nayo ukimkamua vizuri inatoka.

"Walikuwa karakana moja," akaniambia. "Ngazi mbili, kikombe kimoja. Wakapata bango la duka la samani, refu, kama hilo lenu la sasa. Baba yako akaanza kushoto, mwenzake kulia, wakutane katikati. Siku zile wote walikuwa wanaweka vivuli. Baba yako akaweka vyake kama jua linatoka upande huu, mwenzake kama linatoka upande ule. Hakuna aliyeinua macho. Wamekutana katikati, mwenye duka akaja, akasimama barabarani, akauliza, 'Jamani, kwangu jua linachwea au linachomoza?'"

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Kila mmoja akasema mwenzake ndiye kakosea. Jioni ile ngazi zikagawanywa. Tangu hapo baba yako haweki kivuli hata umpe nini."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ungekuwepo ungeona ni kubwa. Walipendana sana wale."

Nimekaa nikifikiri. Urafiki mzima, jamani, kwa ajili ya jua la kuchora.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Nimeandika herufi S mia moja kwenye gazeti la zamani. Tatu zinafanana na S.

Jumatano, 19 Machi

Mwalimu mkuu alikuja bila mfuko wa plastiki na bila kukaa. Jamaa wa mashine amempelekea kipande cha bango la mfano, na shairi limetokea safi, pembeni wameweka picha ya ua. Anaweza kulitundika ukutani juu ya Masikio kwa misumari, asubuhi moja.

"Mimi napenda mkono wa mtu," mwalimu akasema. "Lakini wazazi wananiuliza kila siku. Tarehe 31 nisipoona hata herufi moja, nitachukua la plastiki. Mnisamehe, lakini nitachukua."

"Ukuta una unyevu, Mwalimu," Baba akasema.

Mwalimu alitazama nje. Vumbi lilikuwa linapita.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemkasirikia Baba na naandika ili nisimwambie tena.

Asubuhi nilimuuliza kwa adabu: kama hataki kwenda kwa Mzee Kivuli, si tupake tu? Ile picha haina hata uso. Nani atajua?

"Mimi nitajua."

"Basi twende tukamwombe."

Akachukua kikaratasi cha shairi, akakiweka mbali na macho kama anavyofanya na kila kitu siku hizi, akasoma: "Mahali pangu sihami." Akakikunja. "Unaona? Mwalimu kaandika kweli."

Nikasema lile shairi halikutungwa ili mtu ajifiche nyuma yake. Akasema mimi ni mtoto. Nikasema mtoto huyu ndiye atakayekwenda kukaa kwenye kiti pale kituoni. Hapo akageuka akaanza kusafisha brashi, na brashi zilikuwa safi.

Kilichoniuma ni kwamba namuelewa. Kufuta kazi ya mwenzake hawezi, kwa hiyo hapaki, na kuomba hawezi pia, kwa hiyo haendi. Amesimama hapo katikati na kiganja ukutani.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda mwenyewe kwa Mzee Kivuli. Nilimwambia Mama peke yake, na Mama akanipa mwavuli bila kuuliza.

Anakaa nyuma ya ghala la mbao. Nilimkuta barazani, miguu kwenye kigoda, anakoroga chai kwa mpini wa brashi. Ni mtu mfupi, mnene kiasi, na nilikuwa nimejiandaa kukutana na zimwi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa Mnyoofu. Umesimama kama ngazi, mfano wake. Kaa."

Nikakaa, nikaeleza yote: ukuta, shairi, Masikio, mashine. Alisikiliza vizuri. Nilipomwambia Masikio hana uso, alitikisa kichwa akasema ile rangi ya uso alipunjwa dukani, alijua tangu siku ile. Nikafika mwisho nikamwomba ruhusa.

"Hapana," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayekataa sukari.

"Kwa nini, mzee?"

"Nani anapaka?"

"Baba."

"Basi anayepaka ndiye anayeuliza. Hatutumi watoto. Hukufundishwa?"

Nilifundishwa.

"Mwambie baba yako mlango wangu hauna unyevu," akasema. Kumbe habari za unyevu zimemfikia. Akanipa kikombe cha chai, akaniuliza kama ninaweza kuandika S. Nikasema bado. Akachukua chaki akanionyesha kwenye sakafu: usianze juu, anza katikati, pale inapogeuka, kisha itafutie kichwa na miguu. Nikajaribu. Ikatoka S, ya kwanza maishani mwangu ambayo haikuonekana kuumwa tumbo.

Nimerudi nyumbani na S nzuri bila ruhusa, na sijui nimchukie vipi yule mzee.

Jumatatu, 24 Machi

Siku hii nitaiandika yote, hata mkono ukichoka.

Mvua ilinikuta karibu na kinyozi nikaingia kujikinga. Hakukuwa na mteja. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anajitazama kwenye kioo chake mwenyewe. Nikatania kwamba bango lake la nje limenyolewa kuliko wateja, maana kichwa alichochora Baba miaka mingi iliyopita kimebaki na upande mmoja, na neno KINYOZI limebaki NYO.

"Usinikumbushe," akasema. "Kila mwaka nataka lipakwe upya."

"Sasa si uje kwetu?"

"Nilikuja, wewe ulikuwa bado unasoma. Mimi nataka herufi zenye kivuli, mtu akiwa kituoni azione. Baba yako akasema kivuli haweki. Nikaenda kwa Kivuli mwenyewe. Akaja, akatazama, akaona jina la baba yako pale chini. Akafunga kopo lake. Akaniambia, kazi ya Mnyoofu siigusi mpaka Mnyoofu aje nimuulize, au nimwendee, na kumwendea siwezi."

Nilimwambia arudie. Akarudia.

"Si mimi tu," akasema. "Muulize mwenye bucha."

Mvua haikuwa imekatika, lakini nilitoka nayo. Bucha lina bango la Kivuli. Kivuli huchora watu vizuri, lakini ng'ombe wake ana sura ya mbwa, na mwenye bucha amechoka na utani wa wateja. Alimwendea Baba, maana wanyama wa Baba wanafanana na wenyewe. Baba akamjibu vilevile, karibu neno kwa neno. Nikaenda kwa fundi viatu: bango la Baba, Kivuli alikataa. Kwa muuza vitanda: bango la Kivuli, Baba alikataa. Duka la vyombo, duka la baiskeli, hadi pale pa kutengenezea redio. Nilitembea na mvua kichwani nasoma herufi zilizokufa, kila moja na jina dogo pembeni, na nilikuwa nacheka peke yangu hata mama mmoja akamvuta mwanawe upande wa pili.

Miaka yote hii nilidhani mtaa wetu umechakaa kwa uzembe. Kumbe umechakaa kwa heshima. Wazee wawili, kila mmoja anailinda kazi ya mwenzake kama mboni ya jicho, na kila mmoja anakaa nyumbani kwake akilalamika kwamba kazi hakuna.

Nilifika karakana natiririka maji. Nikamwambia Baba yote, kuanzia kinyozi mpaka redio. Alikuwa ameshika kopo, akaliweka chini.

"Kivuli alikataa bango la kinyozi?"

"Alikataa."

"Na la fundi viatu? Lile alikuwa analitamani tangu zamani."

"Alikataa, Baba. Alifunga kopo akaondoka."

Akavua miwani akaifuta kwa shati. Shati lilikuwa na rangi, miwani ikawa mbaya zaidi, akaivaa hivyohivyo.

Nikamwambia kilichokuwa kimenijaa tangu bucha. "Baba, sheria yako haisemi usifute. Inasema uende ukaombe. Wewe umeshika nusu ya kwanza miaka yote hii. Ukitaka kubaki ulivyo, itabidi utoke hapo ulipo."

Nilingoja aniambie mimi ni mtoto. Hakusema. Alisema, "Mvua hii itakatika lini?"

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Baba amepiga viatu rangi. Viatu vya kanisani, siku ya Jumanne.

Jumatano, 26 Machi

Haikukatika, akaenda nayo. Nilikwenda naye kushika mwavuli, lakini alitembea haraka kiasi kwamba mwavuli ulifika baada yake.

Mzee Kivuli alikuwa barazani. Alipotuona alishusha miguu kwenye kigoda. Baba alisimama nje ya baraza, mvua inamshukia mabegani.

"Nimekuja kuuliza," Baba akasema.

"Uliza."

"Ukuta wa shule."

"Una nini?"

"Una kazi yako."

"Najua una kazi yangu. Niliipaka mimi."

"Naomba kupaka juu yake."

Mzee Kivuli alitazama chai yake. Nilidhani atakataa, na moyo wangu ulikuwa unapiga kama mtambo wa jamaa wa kituoni.

"Paka," akasema.

Baba akashukuru, akageuka aondoke. Alitaka kukimbia, namjua.

"Wewe, Mnyoofu, ngoja. Nami nina la kuuliza. Kinyozi."

"Paka," Baba akasema.

"Fundi viatu."

"Paka. Bucha?"

"Paka. Yule ng'ombe alinishinda tangu siku ya kwanza. Baiskeli?"

"Paka. Vitanda?"

"Paka."

Waliendelea hivyo, huyu ndani ya baraza, huyu mvuani, wakitaja maduka ya mtaa mzima moja baada ya jingine, kama watoto wanaobadilishana gololi. Mwisho maduka yakaisha wakabaki wanatazamana.

"Mbona unalowa?" Mzee Kivuli akauliza.

"Hujanikaribisha."

"Pita ndani basi, mtu mzima wewe."

Kikombe kilikuwa kimoja. Wamekitumia wote wawili, wakipokezana. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikajifanya nakausha mwavuli, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka waone.

Kabla hatujaondoka Baba alisema ule ukuta ni mrefu na herufi ni nyingi.

"Unanialika au unalalamika?"

"Vyote," Baba akasema.

Ijumaa, 28 Machi

Jua. Baba aliweka kiganja ukutani. "Mkavu," akasema, kana kwamba kauona leo. Tumepiga msasa. Watoto walikuja kumuaga Masikio kwa mara ya mwisho, na wengine walimpungia mkono. Mzee Kivuli alipaka nyeupe juu yake yeye mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine afanye.

Jumatatu, 31 Machi

Mwalimu mkuu amekuja kutafuta herufi moja, amekuta mstari. Ameusoma kwa sauti, mkono kifuani. Jamaa wa mashine alipita akapiga honi.

Jumatano, 2 Aprili

Ubishi kutwa. Mwalimu alisema herufi hazionekani vizuri kutoka ng'ambo, zinahitaji kivuli. Mzee Kivuli alianza kupiga mluzi. Mimi nikamtazama Baba. Nilidhani tutarudi kwenye unyevu.

"Haya, tuweke," Baba akasema.

Tulipokuwa tunakunywa chai nikamuuliza kama hajavunja msimamo wake.

"Kivuli hakikuwa msimamo," akasema. "Kilikuwa hasira. Nilikaa navyo vyote viwili muda mrefu hata nikasahau kipi ni kipi."

Nikiwa juu ya ngazi alasiri, nikijaza S ya "siinami", hilo lilinirudia. Mwalimu ameandika nitayumba, siinami. Mimi nilimcheka yule mtu wa shairi kwa kusimama, na sikuona kwamba kabla ya koma aliyumba. Namwomba radhi mwalimu hapa daftarini, maana mbele yake sithubutu.

Ijumaa, 4 Aprili

Nusura.

Nilikuja asubuhi nikakuta wazee wameshaanza vivuli. Baba yuko getini, anakuja kulia. Mzee Kivuli yuko kona, anakuja kushoto. Wanaimba wimbo uleule, kila mtu na mwendo wake. Nikavuka barabara kutazama kwa mbali kama nilivyofundishwa. Vivuli vya Baba vinaangukia kulia. Vya Mzee Kivuli vinaangukia kushoto.

Nilirudi mbio, nusura nigongwe na mkokoteni. Sikumwambia yeyote kwamba kakosea, kwa sababu hilo ndilo neno lililogawa ngazi. Nilichukua chaki ya njano, nikapanda juu kabisa upande wa geti, nikachora jua, duara kubwa lenye miale, ovyo, kama la mtoto. Kisha nikapiga kelele toka juu: "Wazee wangu, jua letu liko hapa."

Walisimama wote wawili. Walitazama jua, wakatazama vivuli vyao, wakatazamana.

Mzee Kivuli akachovya kitambaa kwenye thina. "Nilikuwa najaribu tu," akasema, akaanza kufuta.

"Hata mimi ningejaribu," Baba akasema, ingawa vyake vilikuwa sawa. Akaenda kumshikia kopo.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua usiku, lakini rangi imeshika. Ubeti wa pili tayari.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumemaliza. Baba aliandika jina lake kona ya chini, Mzee Kivuli akaandika lake kando yake. Nikachukua kitambaa nipande kufuta lile jua la chaki, maana kazi yake imekwisha.

"Liache," Baba akasema. Akanipa kopo la njano na brashi yake nyembamba, ile ambayo haimpi mtu. "Lipake."

"Lakini limechorwa vibaya, Baba."

"Ndiyo jina lako hilo. Wote hatukuinua macho isipokuwa wewe."

Nimelipaka. Mwale mmoja umetoka mrefu kuliko mingine. Chini tu ya jua ndipo panapoanzia "Wakija na kuniita".

Jumamosi, 12 Aprili

Sherehe imefana. Watoto walisimama mbele ya ukuta wakalisoma shairi wote kwa pamoja, na walipofika kwenye kibwagizo manyunyu yakaanza. Mwalimu mkuu akatupia jicho mbingu, watoto wakaendelea, na hakuna aliyehama. Wadogo walikuwa wanaonyeshana jua langu kwa vidole. Mama alikuwa amevaa vizuri na alikuwa anamwambia kila aliyekaa karibu kwamba hilo la juu ni la binti yake.

Kinyozi, mwenye bucha na fundi viatu walikuwa wamewazunguka wazee wakigombea zamu. Ngazi haziuzwi. Baba amesema hata hizi mbili hazitoshi, mimi nahitaji yangu.

Watu walipopungua akaja jamaa wa mashine. Aliutazama ukuta muda mrefu, kutoka geti mpaka kona, akasema kweli ni kazi. Akamwendea Baba akamuuliza kama anaweza kuupiga picha auchape, watu wanaomba wakatundike nyumbani.

"Mimi nakuruhusu," Baba akasema. "Kivuli naye atakuruhusu. Lakini yupo wa tatu." Akaonyesha kule juu kwenye njano.

Jamaa akavua kofia, akanijia, akaniuliza kwa adabu zote.

Niliweka kiganja changu ukutani, polepole, nikafumba macho kidogo.

"Njoo wiki ijayo," nikamwambia. "Ukuta una unyevu."

Mzee Kivuli alipaliwa na chai. Baba alicheka mpaka akashika ngazi, na yule jamaa, bila kujua anacheka nini, akacheka na sisi. Kisha nikamwambia apige.